Ruzuku za Ulaya kwa kampuni ndogo za usalama wa kidijiti: fedha zipo, mbona wadogo hatuzioni?

MlinziWaLango (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Nina lalamiko, nanyi mnisahihishe. Mimi na wenzangu watatu tuna kampuni hapa Uholanzi inayotengeneza programu ya kuchunguza programu nyingine: ukiipa bidhaa yoyote ya kidijiti, inakutolea orodha ya vipande vyote vilivyomo ndani yake, alivyoandika mwenye bidhaa na alivyookota kwa watu, mfano wa maandishi ya viambato nyuma ya pakiti ya biskuti, kisha inakuonyesha kipande kipi kina tundu linalojulikana. Soko nililiona linakuja lenyewe, kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya ya ustahimilivu wa mtandao, Kanuni namba 2024/2847, ilipata nguvu tarehe 10 Desemba 2024; wajibu wa watengenezaji kuripoti matundu yanayotumiwa na wadukuzi umepangiwa tarehe 11 Septemba 2026, na masharti mengi yaliyobaki tarehe 11 Desemba 2027.

Pamoja na yote hayo tumeomba ruzuku mara tatu na tumekosa mara tatu. Ninavyoona mimi, fedha hizi huchukuliwa na wanaojua kuandika insha kuhusu kufuli, na sisi tunaozichonga hizo kufuli tunabaki kusoma barua za pole. Je, yupo humu mwenye kampuni ya watu chini ya 10 aliyewahi kuzipata?

ZuhuraBerlin

Pole kaka. Kabla hatujakujibu, tuambie uligonga mlango upi, maana hakuna kitu kimoja kinachoitwa "ruzuku ya Ulaya". Ukiomba EIC Accelerator, mfuko wa Baraza la Ubunifu la Ulaya, unaomba peke yako kama kampuni, ruzuku isiyozidi yuro milioni 2.5 inayolipia hadi asilimia 70 ya gharama, na ukitaka unaweza kuongezewa mtaji kwa njia ya hisa. Ukiomba wito wa usalama wa mtandao ndani ya kundi la tatu, la usalama wa raia, la Horizon Europe, mpango mkuu wa utafiti wa Umoja, kwa kawaida lazima uwe katika ushirika wa taasisi zisizopungua tatu kutoka nchi tatu tofauti, angalau moja ikiwa ya nchi mwanachama. Ukienda kwenye mpango wa Digital Europe, huko hawalipii utafiti bali kuipeleka kazini teknolojia ambayo tayari ipo, na kiwango cha kawaida ni nusu ya gharama, ingawa kuna aina ya miradi ambayo kampuni ndogo hulipiwa asilimia 75. Hiyo ni milango mitatu yenye mabawabu watatu wenye tabia tofauti.

MlinziWaLango

Ahsante dada. Mara mbili EIC Accelerator, na mara moja tulikuwa mshirika wa sita katika ushirika wa watu kumi na moja.

Kobe_Mzee

Kampuni ya watu wanne imeomba milioni mbili na nusu! Mkuu, hapo ulikwenda kuvua papa kwa wavu wa dagaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa niseme la maana. Mwaka 2017 mimi nilipata. Enzi za Horizon 2020, mpango uliotangulia Horizon Europe, kulikuwa na mpango wa kampuni ndogo na za kati wenye awamu mbili, na awamu ya kwanza ilikuwa yuro 50,000 za mkupuo kwa ajili ya kuchunguza tu kama wazo lako linauzika. Ombi lilikuwa la kurasa 10. Hakuna aliyekuuliza saa ulizofanya kazi. Uliandika ripoti, wakalipa. Kwa zile 50,000 nilizunguka kwa wateja watarajiwa 14 na kugundua kuwa kifaa changu cha kuthibitisha utambulisho wa mtumiaji hakuna aliyekitaka kwa umbo lile, nikakibadilisha. Awamu ile ilifutwa mwaka 2019. Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi ni kwamba ngazi ilikatwa kipago cha chini, na sasa mnaambiwa mruke hadi cha tatu.

Msomi_wa_Jioni

Ndugu Kobe, umesema kweli kuhusu mwaka, ila kipago hicho hakikutupwa moja kwa moja, kimehamishiwa pembeni. Kanuni namba 2021/887 iliunda Kituo cha Ulaya cha Umahiri wa Usalama wa Mtandao, ambacho makao yake ni Bucharest, pamoja na mtandao wa vituo vya taifa vya uratibu, kimoja kwa kila nchi mwanachama. Vituo hivyo vya taifa vinaweza kupokea fedha za Digital Europe na kuzigawa tena kwa kampuni ndogo za nchini mwao, na katika miradi ya namna hiyo kiasi kinachozoeleka kuwa kikomo kwa mpokeaji mmoja ni yuro 60,000. Ombi huandikwa mara nyingi kwa lugha ya nchi, na anayekusoma anaijua mitaa yako. Tatizo ni kwamba kila nchi ina kalenda yake na masharti yake, hivyo wa Tallinn anaweza kukuta mlango wazi siku ambayo wa Lisbon anakuta umefungwa.

Mama_Hesabu

Salaam. Mimi ni mhasibu hapa Ubelgiji na nimesimamia vitabu vya kampuni kadhaa zilizopata fedha hizi, kwa hiyo mniruhusu niseme kwa urefu kidogo. Mnabishana kuhusu kuandika, ilhali nimeona kampuni zikizama baada ya kushinda.

Chukueni mfano wa mradi wa yuro milioni moja wenye kiwango cha asilimia 70. Umoja unatoa 700,000, na zile 300,000 zilizobaki lazima zitoke mahali fulani: mauzo, mwekezaji, benki, au mwenye kampuni kutojilipa. Katika Horizon Europe unapata malipo ya awali, lakini humo hukatwa asilimia 5 ya ruzuku nzima na kuwekwa katika mfuko wa dhamana hadi mradi uishe, na sehemu ya mwisho hailipwi mpaka ripoti ya mwisho ikubaliwe. Wakati huo mshahara wa mhandisi hausubiri. Kuna kampuni moja ya watu saba niliyoihudumia ambayo ilishinda ruzuku nzuri ya kazi ya usimbaji fiche, ikaajiri wawili kwa furaha, na kufikia mwezi wa kumi na nne mwenye kampuni alikuwa amekwisha kuweka nyumba yake rehani, huku akidai fedha ambazo hakuna aliyezikana. Zilichelewa tu, kwa sababu ofisa aliuliza maswali kuhusu madaftari ya siku za kazi yaliyojazwa ovyo.

Kuna upande wa neema pia: gharama za ofisi, umeme na mambo kama hayo hutakiwi kuzihesabu moja moja, unapewa asilimia 25 juu ya gharama zako nyingi za moja kwa moja bila risiti. Wengi hawalijui hilo, na huandika bajeti wakijipunja.

MlinziWaLango

Mama, ahsante sana, hilo la asilimia 30 halikuwahi kutuingia akilini kwa uzito huo. Tulidhani tutalifikia tukishashinda. Hata hivyo sijaondoka kwenye hoja yangu. Mara ya pili tulimlipa mshauri wa kuandika maombi. Alichukua malipo ya awali na alitaka asilimia fulani tukishinda. Alituletea maandishi mazuri mno, ambayo mimi mwenye bidhaa sikuelewa ni bidhaa gani inayozungumzwa. Kama mchezo unahitaji mtu wa namna hiyo, basi mdogo asiye na fedha za mshauri amekwisha kufungwa kabla filimbi haijapulizwa.

Karani_wa_Zamani

Nimekaa upande wa pili wa meza, nikiwa mtathmini wa nje kwa miaka kadhaa, na sitataja ombi lolote kwa sababu tuliapa kutunza siri. Naweza kusema kilicho hadharani. Katika miradi ya ushirika ya Horizon Europe kuna vigezo vitatu: ubora wa wazo, athari, na ubora wa utekelezaji. Kila kimoja hupewa alama hadi 5. Kwa kawaida ukipata chini ya 3 katika kimoja umeanguka, na jumla isipofika 10 umeanguka vilevile. Kufikia 10 maana yake ni kwamba hukuanguka, lakini fedha huisha juu kabisa ya orodha, na mara nyingi ombi la alama 13 hubaki nje bila kosa lolote la mwombaji.

Watu wa usalama wana ugonjwa wao. Wanaandika kurasa nane juu ya ubora wa kufuli na aya moja juu ya nani atainunua. Kigezo cha pili kinawamaliza. Maandishi ya washauri tunayatambua kwa harufu, mleta uzi: yana mishale mingi, michoro ya duara, na masoko yanayokua kila mwaka kwa kasi isiyoelezwa. Mimi binafsi yalikuwa yananifanya niwe mkali zaidi. Siwezi kuwasemea wenzangu.

Kobe_Mzee

Karani, na wewe ulikuwa ukijua kufuli? Nauliza kwa heshima. Nimewahi kusoma maoni ya mtathmini aliyetushauri tuongeze "blokcheni", yaani daftari la kidijiti lisilofutika, katika bidhaa ambayo kazi yake yote ilikuwa kufuta kumbukumbu.

Karani_wa_Zamani

Hilo la blokcheni silibishi. Watathmini huchanganywa: mmoja anajua ufundi, mwingine biashara, mwingine siasa za sekta. Katika hatua ya kwanza ya EIC Accelerator wanasoma maelezo mafupi, slaidi na video ya dakika tatu, wakiwa majumbani mwao, na si wote wanaoweza kutofautisha funguo ya siri na funguo ya umma. Nakubali kuwa ni udhaifu. Ila ukifika kwenye usaili wa majaji utaulizwa habari za fedha kuliko za usimbaji fiche.

NahodhaMombasa

Hamjambo huko kwenye baridi. Nimesoma uzi wote na nina swali la sisi tulioko nyumbani: tunatengeneza kinga dhidi ya ulaghai wa kubadilishiwa laini za simu, na hapa Kenya fedha zikiwa kwenye simu, jambo hilo ni la uhai. Je, kuna mlango wowote kati ya hii unaotuhusu, au ni sherehe ya watu wengine tunayoitazama dirishani?

ZuhuraBerlin

Karibu kaka Nahodha. EIC Accelerator haikuhusu, kwa sababu kampuni lazima iwe imesajiliwa katika nchi mwanachama au nchi iliyojiunga na mpango. Miradi ya ushirika ya Horizon Europe ni habari nyingine: Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo katika orodha ya nchi za kipato cha chini na cha kati ambazo taasisi zake zinaweza kulipwa, alimradi ushirika umetimiza idadi ya nchi za Ulaya. Tahadhari iko hapa: miito ya usalama wa mtandao ndiyo inayowekewa vizuizi mara kwa mara, kwa hoja kwamba ni mambo ya ulinzi wa Umoja. Soma masharti ya kila wito kabla hujapoteza usiku wako.

msimbaji_kimya

Kwa kawaida mimi husoma tu humu. Namjibu mleta uzi swali lake la kwanza na Nahodha kwa pamoja: ndiyo, mimi nimepata, na kampuni yangu ina watu wawili, mimi na mke wangu.

Kuna mpango wa Tume ya Ulaya unaoitwa Next Generation Internet, ambao fedha zake hugawiwa kupitia taasisi nyingine. Mmoja wa wagawaji ni NLnet ya Amsterdam. Ombi la kwanza huwa kati ya yuro 5,000 na 50,000, fomu unaijaza kwa siku mbili, haina kurasa 45, na hata mtu binafsi asiye na kampuni anaweza kuomba. WireGuard, programu ya kupitisha mawasiliano kwa njia ya siri mtandaoni, ambayo nadhani wengi humu wanaitumia kila siku, ni miongoni mwa kazi ambazo NLnet imezisaidia. Sharti kubwa ni kwamba kazi iwe programu huria. Wanalipa baada ya kila hatua kukamilika, kwa hiyo Mama Hesabu ataniambia kuwa nalo ni tatizo la mfuko mtupu, na atakuwa sahihi, lakini hatua yenyewe unaipanga iwe ndogo kadiri unavyotaka. Mimi nilikuwa na hatua za yuro 3,000. Wanaotoka nje ya Ulaya hawazuiwi kuomba, ingawa wa Ulaya wanaweza kupewa kipaumbele.

Kwa hiyo mimi naona wadogo wanapata. Wanapata fedha ndogo kwa karatasi chache. Wanaokosa ni wanaotaka fedha kubwa kabla ya kuonekana.

MlinziWaLango

Lakini kaka, ukiiweka kazi yako wazi kila mtu achukue, unauza nini? Sisi thamani yetu ni ule utaratibu wa kulinganisha vipande.

msimbaji_kimya

Ninauza usaidizi, usakinishaji, na usingizi wa mteja. Katika biashara ya usalama, mteja makini haamini kufuli asiyoruhusiwa kuifungua aone ndani. Lakini sikulazimishi.

Msomi_wa_Jioni

Naomba turudi kwenye neno "mdogo", kwa sababu naona tunalitumia kwa maana mbili. Kwa pendekezo la Tume la mwaka 2003, ambalo bado ndilo linalotumika, kampuni ndogo na ya kati ni yenye wafanyakazi chini ya 250 na mauzo yasiyozidi yuro milioni 50 kwa mwaka, au mizania isiyozidi milioni 43. Ndogo kabisa, kama ya mleta uzi na ya msimbaji, ni chini ya watu 10 na yuro milioni 2. Kwa hiyo, ripoti inapojigamba kuwa sehemu kubwa ya fedha imekwenda kwa kampuni ndogo na za kati, humo ndani yumo mwenye watu 240, idara ya sheria, na mwajiriwa ambaye kazi yake pekee ni kuomba ruzuku. Huyo ndiye unayepambana naye, na kwa mujibu wa sheria mko uzito mmoja.

Mama_Hesabu

Ongezea hapo kwamba wafanyakazi hawahesabiwi kwa kampuni moja peke yake. Ukiwa na mwenye hisa anayeshika zaidi ya nusu, watu wake wote wanahesabiwa kuwa wako. Akishika kati ya robo na nusu, wanahesabiwa kwa uwiano, isipokuwa baadhi ya wawekezaji kama mifuko ya mitaji ya ubia. Nimeona vijana sita wakiambiwa kuwa wao si kampuni ndogo.

ZuhuraBerlin

Na katika usalama kuna kizingiti kingine juu ya hicho. Kifungu cha 12 cha kanuni ya Digital Europe kinaruhusu wito kufungwa kwa kampuni zinazodhibitiwa kutoka nje ya Umoja, kwa sababu za usalama. Rafiki yangu mmoja alipata mwekezaji wa Kimarekani aliyekuwa na haki ya kupinga maamuzi makubwa, na ingawa hisa zake hazikufika hata theluthi, alipojaza fomu ya umiliki akaonekana anadhibitiwa kutoka ng'ambo. Sasa jiulizeni: Mama Hesabu anasema mtafute asilimia 30 kwa mwekezaji, wenye fedha za kuthubutu katika teknolojia wengi wako Marekani, na ukichukua fedha zao unafungiwa mlango wa huku. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko insha.

Kobe_Mzee

Naona kila mmoja amekuja na jeneza lake tayari, maiti bado anahema. Mimi nina la kwangu pia. Baada ya zile 50,000 tulijenga kitu kizuri, tukakipeleka hospitali moja. Fundi wao akakipenda, ofisa manunuzi akauliza tuna miaka mingapi sokoni na bima yetu ni ya kiasi gani, kisha akanunua kwa kampuni kubwa ambayo tayari inamuuzia barua pepe, kwa sababu kinga ilikuja ndani ya kifurushi. Ruzuku inakufikisha mlangoni kwa mteja, haimfungulii. Watu walisema maelekezo ya Umoja kuhusu usalama wa mtandao, NIS2, yangebadilisha hali, na nchi zilitakiwa kuyaingiza katika sheria zao kufikia tarehe 17 Oktoba 2024. Nyingi zilichelewa, na waliowahi walikimbilia majina makubwa kwa hofu ya faini. Afadhali wenzetu wa Uingereza waliojitoa wakaepuka kelele hizi zote.

Msomi_wa_Jioni

Uingereza imerudi mezani, ndugu. Tangu tarehe 1 Januari 2024 imejiunga na Horizon Europe, na kampuni zake zinaweza kuomba ruzuku ya EIC Accelerator, ila upande wa hisa hawapewi.

Kobe_Mzee

Basi nimesahihishwa. Wamerudi kwa mlango wa uani.

Karani_wa_Zamani

Hoja ya Kobe ya manunuzi ina uzito, lakini haielezi kwa nini mleta uzi alikosa. Inaeleza yatakayomkuta akipata. Nami siafiki kuwa umiliki ndiyo sababu kubwa, kwa kuwa maombi mengi mno huanguka kabla hata hatua hiyo haijafikiwa. Mleta uzi, niambie jambo moja: katika ombi lenu, mlimtaja mteja hata mmoja aliyekubali kujaribu bidhaa na kutia saini barua?

MlinziWaLango

Tulikuwa na watengenezaji wawili wa kamera za milangoni waliokuwa wakiitumia bure. Hatukuwataja, kwa sababu mshauri alisema majina madogo yanaharibu sura ya ombi.

Karani_wa_Zamani

Basi mshauri wako alikulia fedha mara mbili.

ZuhuraBerlin

Au watathmini wangesema wateja wawili ni wachache. Tumeliona hilo pia, Karani.

MlinziWaLango

Nimeamua nijaribu njia ya kituo cha taifa, kile kipago cha yuro 60,000, na sehemu moja ya kazi tutaifanya kuwa huria tuipeleke Amsterdam, ingawa mwenzangu mmoja bado ananinunia kwa wazo hilo. Swali la mwisho kwa Mama Hesabu: mimi na wenzangu wawili hatujilipi mshahara, tunaishi kwa kazi za pembeni. Je, siku zetu zinahesabika kuwa gharama?

Mama_Hesabu

Katika Horizon Europe zinahesabika. Mmiliki wa kampuni ndogo asiyejilipa mshahara ana kiwango maalumu cha siku, kinachorekebishwa kulingana na nchi ambako kampuni imesajiliwa. Kwa fedha za kituo cha taifa, usidhani ni hivyo hivyo; andika barua uulize kabla ya kuomba, utunze jibu. Wakati huohuo anzeni kuandika siku zenu kuanzia kesho asubuhi, kila mtu daftari lake, na msijaze siku za nyuma kwa kukisia.

Kobe_Mzee

Hata siku za kuandika uzi huu?

Mama_Hesabu

Hizo ni zako mwenyewe, mzee wangu.